Matete Yakikatwa Huenda Wapi

Chumba cha wakunga, 3 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Salamu baadaye, kwanza harufu.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu unaniambia "Dada, ngoja nikueleze," na ukishamaliza kueleza najikuta nimekushukuru bila kujua nashukuru nini. Karatasi haikatizwi. Isome mpaka mwisho.

Yale mabwawa yenu ya matete nyuma ya machinjio yananuka. Sisemi yananuka kama maji machafu, hayo tumeyazoea tangu utotoni. Yananuka kitu kilichozikwa kikafukuliwa. Mwaka jana mlikuja mkatuambia kwamba maji ya machinjio na ya vyoo vya mji yatapita taratibu kwenye mizizi ya matete, mizizi na vijidudu vyake vitakula uchafu, na upande wa pili yatatoka maji ya kufulia na kusafishia. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote kwa kuwa aliyekuwa anaongea ni mdogo wangu. Basi juzi nimekwenda mwenyewe kule yanakotokea. Ni meusi, juu yana utando unaong'aa, na kandokando kuna povu la rangi ya usaha. Mimi ni mkunga. Mikono hii imeshika kila kinachoweza kutoka kwenye mwili wa binadamu, kisha nikanawa nikala chakula changu nikashiba. Siku hiyo sikula.

Sasa sikia kinachoniondolea usingizi. Mganga mfawidhi ametutangazia kwamba bomba kutoka huko mabwawani litafika hapa kituoni mwezi wa tano, na wodi ya kwanza kuunganishwa ni ya wazazi, eti kwa sababu ndiyo inayomaliza maji. Hayo ndiyo tutakayofulia mashuka na kuoshea vitanda mama akishajifungua, na kisima chetu cha zamani kitafungwa. Kitoto kinazaliwa na kidonda kibichi kitovuni, kinalazwa juu ya shuka lililofuliwa kwa usaha. Na Kibiriti, kitinda mimba wetu, anatarajia katikati ya mwezi wa sita, naye kwa ukaidi wake unaoujua ameapa hazalii kwingine ila mikononi mwangu.

Zuia hilo bomba. Wewe ndiye uliyewapigia hesabu, wewe ndiye watakayekusikiliza.

Dada yako

*

Chumba cha modeli, makao makuu, 12 Februari

Dada Mkubwa, shikamoo.

Nimeisoma mpaka mwisho, tena mara mbili, ya pili nikiwa nimeziba pua.

Kwa kuwa huwezi kunikatiza na mimi, ngoja nikueleze. Mabwawa yenu ninayo hapa mezani, ndani ya kompyuta. Nimeyakata vipande vidogo vidogo, kila kipande kina kina chake, mwendo wake wa maji, matete yake na jua lake. Hiyo ndiyo modeli. Nikibonyeza, misimu kumi ya mvua inapita huku mimi nakunywa chai. Uchafu nimeupa rangi nyekundu na usafi buluu. Maji yanaingia mekundu upande wa machinjio, yanapita kwenye matete yakififia, na yakifika upande wenu ni buluu tupu. Nimeipima mara nyingi mpaka macho yananiuma. Pua ni mlinzi mzuri, Dada, lakini si kipimo.

Hata hivyo sikukupuuza. Nimepiga simu nikaulizia, na nimegundua kinachonuka. Tete linapokua linanyonya uchafu na kuuhifadhi mwilini. Likizeeka likaanguka majini linaoza na kuurudisha wote. Ndiyo maana kwenye modeli yangu matete yanakatwa kila mwisho wa msimu. Huko kwenu hayajaguswa tangu yapandwe! Nimeshamwandikia msimamizi wa mabwawa ayakate yote mara moja. Mpe mwezi mmoja, kisha uniandikie barua ya kuniomba radhi, nitaiweka kwenye fremu.

Msalimie Kibiriti. Mwambie mjomba mtu anamngojea mtoto.

Mdogo wako, Profesa

*

Chumba cha wakunga, 20 Machi

Profesa,

Fremu yako iweke pembeni.

Matete yamekatwa, kama ulivyoagiza. Vijana wa vibarua waliingia majini mpaka mapajani, wamejifunga mifuko ya plastiki miguuni. Wawili walitapika kabla ya saa ya chai, na mmoja wao nimemtibu mimi majipu ya miguu yasiyohesabika. Wamekata yote, ukingo hadi ukingo. Halafu wakatoka, wakaoga kwa sabuni ya unga, wakaenda zao.

Na matete je? Yamelala humo humo majini. Nilimwuliza msimamizi, "Haya unayaondoa lini?" Akaniambia, "Mama, mimi nimeagizwa kukata. Kwenye mpango wa mradi kuna kukata, hakuna kusomba." Akanionyesha na karatasi. Ni kweli, hakuna. Nikaenda mwenyewe kwa mwenye lori pale njia panda, yule niliyemzalishia mke wake mapacha, nikidhani atanionea haya. Alikuja, akashusha kioo, akanusa, akakipandisha nusu. Akasema, "Mkunga, kwa lolote jingine niite. Gari hili alfajiri linabeba mikate." Hata mimi ningekuwa yeye ningekataa. Hakuna mtu atakayeweka hilo balaa begani wala ndani ya gari lake.

Sasa ni rundo refu linalochemka. Ukilitazama linatembea, kumbe ni funza. Maji yanayotoka yamekuwa mazito na harufu imepanda mpaka wodini. Nzi wametuhamia. Jana nilikuwa nashika kichwa cha mtoto anayetoka na mkono wa pili nafukuza nzi. Hilo limenitia kinyaa ambacho sijawahi kukipata katika kazi hii, na nimeifanya tangu wewe hujaota ndevu.

Mitaro ya bomba imeshafika kwenye ukuta wetu. Uliagiza yakatwe, hukuagiza yaende wapi.

Dada yako

*

Makao makuu, 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sina mzaha.

Nimekaa siku kadhaa nikifungua modeli mstari kwa mstari, na nimeliona kosa. Ni langu. Kwenye modeli tete likikatwa linatoweka. Kuna mstari mmoja unaosema: mwisho wa msimu, punguza matete. Kompyuta inapunguza, na uchafu uliomo ndani yake unaondoka nao. Unaondoka kwenda wapi? Hakuna wapi. Sikuwahi kuliuliza kwa sababu hapa mezani hakuna kitu chenye uzito wala funza. Na mpango wa mradi ulinakiliwa kutoka kwenye modeli yangu, ndiyo maana hauna kusomba.

Nimeibadilisha. Nimeyaacha matete majini baada ya kukatwa, nikabonyeza. Ni nyekundu, Dada. Nyekundu kutoka machinjioni mpaka kwenye ukuta wa wodi yako, na chini ya rundo ni nyekundu kuliko yanapoingia.

Ramani mpya nimeichapa. Kesho asubuhi naingia nayo kwa Mkurugenzi. Bomba halitafunguliwa katika hali hii, nakuahidi. Niachie mimi.

Mdogo wako

*

Chumba cha wakunga, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ya mwezi uliopita nilimsomea Kibiriti. Alisema, "Kumbe Kaka akishikwa pabaya anaandika Kiswahili kinachoeleweka." Nami nilifurahi, sikufichi. Mtu anayesema "kosa ni langu" bila kulizungusha siku hizi ni adimu, hasa akiwa na kiti kinachozunguka.

Kisha ukanyamaza. Nikasema ana kazi. Nikakupigia simu, ukaniambia uko kikaoni, na wiki iliyofuata ulikuwa bado kwenye kikao hicho hicho.

Leo imeletwa kadi ya mwaliko. Karatasi nzito, ina picha ya tete la kijani. Uzinduzi wa maji ya kituo ni tarehe kumi na nne. Kuna mgeni rasmi, kuna Mkurugenzi, na chini yao imeandikwa "maelezo ya kitaalamu" halafu cheo chako, tena kimeongezewa neno "mkuu" ambalo mwezi wa pili halikuwepo. Hongera.

Bomba limeshaingia wodini. Koki ni mpya, inang'aa. Matete yako pale pale, isipokuwa sasa huwezi kuyaita matete, ni uji.

Niambie kadi hii imekosewa.

Dada yako

*

Makao makuu, 6 Mei

Dada Mkubwa, shikamoo.

Pole kwa ukimya. Mambo ya ofisi yana tabaka nyingi na si yote yanaandikika.

Mkurugenzi aliipokea ramani ya pili vizuri sana. Aliniuliza swali moja tu: je, ramani ya kwanza ni ya uongo? Nikasema hapana, ni kweli endapo matete yataondolewa. Akasema, "Basi tutayaondoa. Tarehe ya mgeni haiondoleki." Kwa hiyo msimamo wa ofisi ni kwamba ramani ya kwanza inaonyesha mradi utakavyokuwa, na ya pili inaonyesha changamoto ya muda. Hatukuona busara kuonyesha changamoto ya muda siku ya uzinduzi. Uondoaji utaingizwa kwenye awamu ijayo. Dawa ya kuua vijidudu itamiminwa kwa wingi kwenye tangi ili siku hiyo kusiwe na tatizo. Nakuomba unielewe. Mradi huu ukifa, hakuna mji mwingine utakaothubutu kupanda hata tete moja, na wazo lenyewe ni zuri, Dada, unajua ni zuri.

Jambo jingine, la kifamilia. Nimefikiria kuhusu Kibiriti. Ni mimba ya kwanza, na huku kuna hospitali kubwa yenye kila kitu. Nitatuma gari la ofisi mwanzoni mwa Juni limlete, akae kwangu mpaka ajifungue. Usimwambie mtu sababu. Ukishaisoma barua hii, ichome.

Mdogo wako

*

Chumba cha wakunga, 17 Mei

Profesa,

Sikuichoma. Nimempa Kibiriti aisome mwenyewe.

Nianze na uzinduzi, kwa kuwa ulikuwepo lakini sidhani uliona. Uliponifikia kwenye mstari wa watumishi ulinipa mkono ukasema "Habari za kazi, Muuguzi." Mimi niliyekuosha mavi. Nikajibu "Njema, mheshimiwa." Ukasimama mbele ya ile ramani yako ya buluu, ukiwa na fimbo ndefu, ukawaonyesha watu hatua kwa hatua jinsi uchafu unavyoisha. Uliongea vizuri. Hata mama mmoja aliyejifungua asubuhi alisogea dirishani kukusikiliza. Nilikutazama nikitafuta mahali ambapo sauti itakukwama. Haikukwama.

Kisha likaletwa beseni, na koki ikafunguliwa. Maji yalitoka rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili, yananuka dawa mpaka machozi yananitoka, na chini ya dawa uvundo ule ule. Mgeni rasmi aliingiza ncha za vidole. Mkurugenzi ncha za vidole. Wewe ulinawa mpaka viwiko, ukitabasamu, na picha zikapigwa. Watu walishangilia kwa sababu wewe ni mtaalamu, na mtaalamu akinawa nani ataogopa?

Nilikufuata nikusalimie kama dada. Nikakukuta nyuma ya gari. Dereva alikuwa anakumiminia maji ya chupa, na wewe unasugua, unasugua, mpaka kwenye kucha, kama mimi ninavyojisugua nikitoka kwa mgonjwa wa kidonda kilichooza. Sikukuita. Niliingia chooni kwa wauguzi nikatapika, na si kwa sababu ya maji.

Kinachonichafua roho ni hiki. Ungekuwa hujui, ningekusamehe asubuhi hiyo hiyo. Ungekuwa unajua na huna pa kusemea, ningekuonea huruma, wakubwa wanatisha, nami ninao. Lakini wewe unajua, na umetafuta gari la kumtolea wa kwako. Mmoja. Hao wengine watakaolala vitanda vya pili na vya tatu kutoka kwake, ambao kaka zao hawana magari, wao walazwe kwenye mashuka hayo na watoto wao. Umevaa miwani ya mbao kwa ajili ya wodi nzima, ukaivua kwa ajili ya tumbo moja. Nimelea nini mimi?

Kesho yake asubuhi nilifunga koki ya wodi ya wazazi na kung'oa mkono wake. Tumevunja kifuniko cha kisima, ndugu wa wagonjwa wanachota kwa ndoo. Mganga mfawidhi amenipa onyo la maandishi na anasema lijalo ni la kufukuzwa kazi. Afukuze. Atakuja kufungua koki hiyo mwenyewe mbele ya wanawake wenye uchungu, tuone.

Usiniandikie maelezo. Nimeshiba.

Mkunga wa wodi ya wazazi

*

1 Juni, kwa mkono wa dereva

Dada,

Hasira zako ni haki, sina la kujitetea. Lakini Kibiriti hana kosa. Mpandisheni kwenye gari, dereva anaijua nyumba yangu. Mengine tutaongea akishajifungua salama.

Nakusihi.

Mdogo wako

*

Wodi ya wazazi, 2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Ni mimi, Kibiriti. Dada amekataa kushika kalamu, anasema ukiona mwandiko wake utadhani mmepatana.

Gari lilifika jana mchana, pikapu ya ofisi, imeoshwa, umeniwekea hadi mto kiti cha nyuma. Asante kwa mto, naukalia sasa hivi. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Kweli, Kaka, nilitaka kuja. Tangu wiki iliyopita Dada amenilaza hapa wodini ningojee siku zangu, na usiku mtoto akinipiga mateke na wale nzi wakivuma nilikuwa nasema liwalo na liwe, niende kwa Kaka nikazae kwenye vigae. Nimefika mlangoni na begi langu, nikamkuta binti wa kitanda cha jirani amesimama ananitazama. Naye mimba yake ni ya kwanza. Akanishikia begi anisaidie kupanda.

Nikashindwa kupanda. Nikamwambia dereva begi halipandi, kuna mzigo mwingine.

Ukubwa wa tumbo hili hauniruhusu kuinama, kwa hiyo nilikalishwa kwenye kiti kando ya bwawa nikawa msimamizi wa kuzoa matete. Dada alitoa glovu za wodi. Walitoka wauguzi, wakatoka ndugu wa wagonjwa, akatoka hata yule mwenye lori la mikate, ambaye hakuleta lori lakini alileta uma wa kuzolea. Nikamuuliza Dada kwa nini hatukufanya hivi tangu mwezi wa tatu. Akasema tulikuwa tunangoja gari. Watu walitapika, wakafuta midomo, wakarudi. Funza waliingia hadi kwenye viatu. Mganga mfawidhi alitoka kufoka, akavuta pumzi ya kuanzia, akarudi ndani.

Dereva wako aligoma mwanzoni. Alisema, "Mimi nimetumwa mgonjwa, sikutumwa taka." Sikubishana naye. Dada alitia mfukoni mkono akatoa ule mkono wa koki, akaufunga mahali pake, akamkingia kikombe kimoja cha maji ya wodi, akampa. Akanusa. Akaliangalia tumbo langu, kisha akaenda mwenyewe kufungua mlango wa nyuma wa gari. Ni mtu mzuri, usimgombeze. Koki imefungwa tena na mkono wake umerudi kwa Dada.

Kwa hiyo mimi nazalia hapa, kwa maji ya kisima, na huyo binti wa jirani atazalia hapa, na kama hamtaki, njooni mtutoe.

Kwenye barua yako ya mwezi wa tatu uliandika kwamba tete likikatwa linatoweka. Haya anayokuletea dereva ndiyo yale yaliyotoweka. Nimemwagiza asiyamwage getini, kwa sababu askari wa getini hana kosa lolote. Ayapeleke mpaka mlangoni kwako, na kama Mkurugenzi ana mlango wake, amgawie.

Gari moja halikutosha, Kaka. Yamebaki mengi sana. Tuma jingine.

Kibiriti